Ukitaka kula kwa picha za maisha ya watu hapa Mombasa, soma hii kabla hujanunua kamera

Kila wiki kuna kijana ananiandikia, dada nataka kufanya hii kazi yako ya picha, ninunue kamera gani. Mimi swali la kamera silijibu kwanza, namuuliza: nyumba ya tatu kutoka kwenu anakaa nani, na anakula kwa kazi gani? Wengi hapo hunyamaza. Mmoja akanijibu ati sista, mimi nimekuuliza kamera. Haya, nimeamua niandike yote mahali pamoja nisiwe narudia kila siku, ni ndefu, weka chai karibu.

Kazi yenyewe tuelewane kwanza. Mpiga picha wa habari aenda kwenye tukio, apiga, atuma mchana huohuo, kesho yuko kwengine. Wa harusi aitwa, apiga, alipwa. Sisi wa dokumentari ndo wale tunaorudi. Kazi yetu yote ukiikamua linabaki neno hilo moja, kurudi, mpaka mtu amekuzoea akikuona na kamera hata hajisumbui kunyoosha shati. Chukua mtaa wa Owino Uhuru, hapa Mombasa upande wa Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kikawatia watu sumu ya madini ya risasi, kikafungwa 2014, mwaka 2020 mahakama hapa Mombasa ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikapinduliwa kwenye rufaa, kesi ikafika Mahakama ya Juu na Desemba 2024 fidia ikarudishwa. Siku za hukumu kamera zilijaa. Lakini ile miaka ya katikati, mtoto anakua, mama anaenda hospitali anarudi, jirani anahama, haina tarehe ya kuandikwa gazetini na ndo stori yenyewe. Anayeitaka hiyo ya katikati ndo mtu wa dokumentari, na ajue mapema kwamba hakuna anayeilipia kwa siku.

Sasa mada. Usianze na jahazi na machweo. Usianze na mlango wa Mji wa Kale na mwanamke wa buibui anapita mbele yake, picha hizo ziko mpaka kwenye vikombe vya chai, na mtalii wa siku mbili anazipiga vizuri kukushinda kwa sababu yeye bado anashangaa. Kipimo changu mimi ni hiki: mada iwe unaifikia kwa miguu au kwa nauli ya tuktuk, siku yoyote, hata siku mfuko umetoboka. Ukisema utafanya wafugaji wa Turkana na wewe wakaa Kisauni, utaenda mara moja, utakuja na picha nzuri nzuri, na hapo ndo mwisho wa mradi. Kurudi kunataka nauli, na wanaofundisha mambo ya picha sijawasikia wakilisema hilo.

Mimi nilichagua maji. Si kwa akili nyingi, mfereji wetu ulikuwa umekauka wiki ya tatu, na mzee wa mkokoteni alikuwa akipita chini ya dirisha langu kila alfajiri gurudumu linalia kwii kwii, siku moja nikaamka nimekasirika nikasema leo ntaona huyu anatoka wapi. Watu wa bara hushangaa ukiwaambia mji umezungukwa na bahari na watu wananunua maji kwa mtungi wa lita 20. Sehemu ya maji yetu inatoka Mzima Springs, ndani ya Tsavo, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 lililowekwa miaka ya 1950, mengine Baricho upande wa Kilifi, mengine Marere na Tiwi huko Kwale, na mji umefura mara ngapi tangu wakati huo. Kisima cha mtaani maji yake ni ya chumvi, ya kufulia na kuoshea choo. Kwa hivyo mkokoteni mmoja tu ukiufuata utafika kila mahali: Tsavo, siasa za kaunti, jikoni kwa mtu, na kwenye mgongo wa mzee wa miaka sitini na kitu. Mada nzuri iko hivyo, ndogo mkononi lakini ukiivuta inakuja na mizizi yote. Inaweza kuwa mahamri. Inaweza kuwa fundi viatu wa Mwembe Tayari. Inaweza kuwa babako aliyestaafu poti na hajui afanye nini na mikono yake.

Wiki mbili za kwanza acha kamera nyumbani. Wallahi. Nenda pale wanapojaza mitungi, toa salamu, anza kwa mkubwa kuliko wote, kaa. Utaulizwa wewe ni mtoto wa nani, na hapa Mombasa hilo ndo kitambulisho kabla ya kitambulisho, sema jina la babako na mtaa wenu, ukiwa na bahati mmoja atasema aah namjua, na umeshaingia. Waambie wazi kwamba wapiga picha na siku moja utakuja na kamera, usiwafiche, ila leo hukuja nayo. Sikiliza. Mimi wiki hizo mbili ndo nilijua mtungi unakodishwa, mkokoteni una mwenyewe na anayeusukuma si mwenyewe, na kwamba ijapo mvua kubwa ya masika watu wanakinga ya paa na soko linakufa. Hayo usingeyaona kwenye kioo cha kamera hata siku moja.

Siku ya tatu hivi mzee alinambia, "Mwanangu, wa televisheni walikuja hapa wakatupiga tumeinama, mpaka leo hatujaiona hiyo picha." Nikaona aibu na mimi si wa televisheni. Tangu siku hiyo nna sharti moja na naliomba ulichukue bure: picha za kwanza ni zao. Siku ya kwanza ya kamera kila mtu atataka kupigwa amesimama wima, shati limefungwa, mikono imebana, na wewe uliyesoma mambo ya uhalisia utataka kukataa. Usikatae. Mpige alivyotaka, chapisha, mpelekee wiki inayofuata mkononi, ya karatasi, si ya WhatsApp. Mji huu una historia ya watu kulipa wapate sura yao walivyoitaka. Studio ya N.V. Parekh hapa Mombasa kuanzia miaka ya 1940 ilipiga vizazi vya watu wamevaa vizuri wamekaa kitako kwa heshima zao, na miaka ya 1990 pale feri ya Likoni kulikuwa na vibanda vya wapiga picha na mapazia yaliyochorwa meli na ndege na majumba, kibarua anatoka kazini anasimama mbele ya ndege anapigwa anatuma nyumbani. Hao wote walikuwa wanajua kitu ambacho sisi wa kisasa twajifanya kusahau, kwamba mwenye sura naye ana haja na picha. Ukishampa yake, atakuachia upige yako. Mzee ile yake ya kwanza aliitundika dukani kwa Mpemba anaponunua tumbaku, na kuanzia hapo sikuulizwa tena mimi ni nani.

Haya kamera, kwa sababu najua umekuja kwa hiyo. Yoyote inayopiga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, na inayokubali lenzi. Mimi natumia Canon 6D ya mtumba, ni kamera ya 2012, na lenzi mbili tu, 35mm na 50mm. Lenzi ndefu ya kuvuta usinunue mwanzo, itakufundisha kusimama mbali. Kama huna basi simu, simu nzuri ya siku hizi yatosha mwaka wa kwanza, nusu ya wiki zako ni kukaa na kunywa kahawa tu. Adui wako mkubwa hapa si wezi, ni chumvi na unyevu. Lenzi ikikaa kwenye begi la kitambaa ndani ya kabati miezi mitatu unakuta kuvu imetambaa ndani ya kioo kama utandu wa buibui, na fundi wa kuifungua ni shida kumpata na bei yake utalia. Nunua kontena la plastiki la jikoni lenye mpira wa kubana mfuniko, tia vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu, kusanya kwa ndugu na majirani, na kila ukitoka ufukweni pangusa kamera kwa kitambaa kilicholoa kidogo maji ya kawaida halafu kikavu. Mchele usitie, utapata vumbi la mchele ndani ya kamera na pilau hutapata.

Mwanga wa hapa una tabia zake. Tuko karibu na ikweta, jua halipandi polepole, linaruka. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mwanga ni asali, ikifika saa tatu ushakuwa kisu, na mpaka saa kumi jioni unapigana nao. Basi fanya hivi: alfajiri kaa nje, mchana ingia vichochoroni. Kuta za chokaa za Mji wa Kale zinalirusha jua kutoka ukuta mmoja hadi mwengine, ukisimama kwenye kichochoro saa sita mchana jua halikugusi lakini uso wa mtu unang'aa laini kabisa, hiyo ni studio ya bure na hata waliotoka Ulaya na mataa yao wanaihusudu.

Na hapa kwenye kupima mwanga wengi ndo wanaharibu, nami niliharibu mwaka mzima. Kamera haijui inaona nini, yenyewe inataka kila kitu kiwe kijivujivu. Mtu mweusi amevaa kanzu nyeupe amesimama mbele ya ukuta mweupe, kamera itaona weupe mwingi itapunguza mwanga, kanzu itatoka vizuri na uso utakuwa lami. Ongeza wewe, kile kitufe cha + na −, sogeza upande wa kuongeza theluthi mbili au moja nzima, kanzu ikiungua kidogo wacha iungue, aliyekuja kupigwa ni mtu, si kanzu. Mwanamke wa buibui ni kinyume, kamera itaona weusi itazidisha, uso unapauka kama umepakwa unga, hapo punguza. Pima kwenye shavu. Kila mara shavu. Na ukiwa na kanzu na buibui kwenye fremu moja, karibu Mombasa, chagua sura moja ndo uipimie halafu zilizobaki utazivuta kwenye kompyuta, ndo maana nikasema RAW.

Ya sheria ntapita haraka ila usiyaruke. Feri ya Likoni usitoe kamera bila ruhusa, askari watakufikia kabla hujafokasi. Bandari ni eneo la ulinzi, unaandika barua unangoja, na barua iwe ya mtu mwenye jina, gazeti au shirika. Fort Jesus iko chini ya Makumbusho ya Taifa, ukiingia na vifaa vya kazi uliza ofisini pale mlangoni kabla. Droni ina kanuni zake za mwaka 2020 na leseni ni ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, usiirushe tu juu ya Nyali kwa sababu rafiki yako alirusha. Kadi ya Baraza la Habari wanapewa hata wa kujitegemea, itafute, siku ya vurugu ndo itakayosema kwa niaba yako. Kisha kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kazi za uandishi wa habari na sanaa zina nafasi yake humo, lakini usijifanye imekufungulia kila kitu, mwaka 2023 shule moja ilipigwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Mtoto, tafuta mzazi. Sio mwalimu, sio jirani, mzazi. Mimi nna karatasi nusu ukurasa kwa Kiswahili cha kawaida, inasema mimi ni nani, picha ni ya kazi gani, inaweza kuonekana wapi, na ukibadili mawazo nipigie namba hii. Nawasomea kwa sauti hata anayejua kusoma. Na kuna waliobadili mawazo, wawili, mmoja picha yake ilikuwa nzuri kuliko zote za mwaka ule, nikaitoa, roho ikauma wiki nzima.

Jioni ukirudi nyumbani kazi ndo yaanza. Usilale hujaandika kapsheni, yale maelezo ya chini ya picha. Nani, wapi, lini, anafanya nini, na alichosema kama alisema. Mwaka 2015 World Press Photo, mashindano makubwa ya dunia ya picha za habari, walimvua tuzo mpiga picha Giovanni Troilo, alikuwa amepeleka picha za mji wa Charleroi kule Ubelgiji, kumbe mojawapo ilipigwa Brussels. Unaweza kusema mji tu huo, lakini wapi ikiwa ya uongo basi na nani atauliziwa, na lini, na wewe mwenyewe. Kupanga watu pia, kuwaambia inama tena, beba tena, hiyo kwetu ni haramu labda iwe ni picha ya sura na kila mtu anaona kwamba ni ya kupangwa. Kuongeza mwanga sawa. Kufuta mtungi uliokuudhi kwenye kona, hapana, mashindano makubwa yanataka faili la RAW na watalilinganisha.

Halafu hifadhi. Nakala tatu, mbili kwenye hadi diski (hard disk) tofauti na moja iwe nje ya nyumba yako, kwa dadako Nairobi au kwenye intaneti. Priya Ramrakha alikuwa mpiga picha Mkenya, alifanyia kazi magazeti makubwa ya Marekani, akauawa 1968 akipiga vita vya Biafra kule Nigeria, na hazina ya picha zake ikaja kukutwa gereji Nairobi miaka kama 40 baadaye. Negativu ziliweza kungoja gereji. Hadi diski ya bei rahisi haingoji hata miaka mitano, mimi moja ilikufa na miezi saba ya picha za mradi wa maji ndani yake, fundi akaniambia pole, nikamlipa hata hiyo pole.

Pesa sasa. Ntasema ukweli, kwenye kila shilingi kumi zangu saba zatoka harusini. Sioni haya. Mo Amin mwenyewe, yule mpiga picha Mkenya aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia 1984, alianza kampuni yake Camerapix mwaka 1963 Dar es Salaam akiwa kijana wa miaka 20, na alikuwa mfanyabiashara vilevile kama alivyokuwa mpiga picha. Mimi ni mwanamke na hapa kwetu hiyo peke yake ni soko, siku ya kupamba ukumbi ni wa wanawake watupu, mabuibui yamevuliwa, simu zinakusanywa mlangoni, na wa kupiga picha lazima awe mwanamke anayeaminika. Nikwambie kitu, baadhi ya picha bora nilizopiga maishani ziko humo. Bibi harusi anachekeshwa na nyanyake huku hina ya miguuni haijakauka, wallahi ile picha ningeipeleka popote. Haiendi popote. Nakabidhi, nafuta kadi mbele ya mama mtu, nakula biriani, naondoka. Ukivunja hilo mara moja, mji mzima umejua kabla ya Isha. Lakini pia ndo iliyonifungulia nyumba za kule kwenye mradi wangu wa maji, kwa sababu kina mama walionijua ukumbini walinikaribisha jikoni, na mwanamume hangefika jikoni zile hata akae miaka kumi. Ndugu zangu wa kiume msilalamike, nyinyi mna nikaha, mna mahafali, mna hoteli za Nyali na Diani, na usiku wa barabarani mnatembea bila kuangalia nyuma.

Kazi za mashirika zinalipa vizuri lakini soma mkataba, na kama hakuna mkataba andika wewe. Hapa nna kidonda. Shirika moja liliniita siku tatu, nikapiga, nikalipwa, tukapeana mikono. Mwaka uliofuata nikaona picha yangu kwenye bango la barabarani na kwenye kalenda na kwenye ripoti ya watu wengine kabisa. Nikaenda kwa wakili na vitisho vyangu, akanifungulia Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, kazi ya kuagizwa kama hamkuandikiana vingine hakimiliki inahesabika imehamia kwa aliyekuagiza. Yaani mimi ndo sikuandika. Sasa kila kazi natuma ukurasa mmoja kabla sijapanda matatu: hakimiliki yabaki kwangu, nyinyi mnapewa ruhusa ya kutumia kwa kazi hii, kwa miaka hii, jina langu liandikwe, nusu ya malipo kabla. Wanaokataa ni wachache kuliko unavyoogopa. Hakimiliki ya picha inadumu miaka 50, usiiuze kwa nauli na lanchi. Kodi pia, wakikukata asilimia 5 ya kodi ya zuio dai cheti kionekane kwenye iTax, ule mtandao wa kodi wa KRA, na tangu 2024 klayenti wengi hawakulipi bila invoisi ya eTIMS, mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki, jisajili mapema usije ukahangaika siku pesa iko tayari.

Ukishakuwa na mwaka mmoja wa kazi, chapisha ndogo ndogo zote unazoona zinafaa, tandika mkekani, ondoa. Mimi nilikuwa na fremu elfu kumi na moja, leo mradi una picha 24. Usimuite mpiga picha mwenzio kukusaidia kuchagua, ataangalia mwanga. Mimi nilimwita shangazi yangu anayeuza viazi karai. Akashika moja niliyoipenda sana, mzee kwenye ukungu wa alfajiri, akasema hii ni picha yako, hii si ya mzee. Nikaitoa. Akashika nyingine ya mkono tu unashika shilingi zilizolowa akaikalia kimya muda, ile ndo ikawa ya kwanza kwenye mpangilio.

Ya kutuma kwa maedita ni barua ya mistari sita, si historia ya maisha yako. Iwe hivi: naishi Mombasa, miaka minne nafuata wasukuma mikokoteni ya maji, mji uko baharini na wakazi wananunua maji kwa mtungi, nna picha 24 na mahojiano, mwezi ujao mvua zinaanza na soko lao linasimama, ningependa kuwaandalia. Picha kumi ndani ya kiungo kimoja, basi. Ile sentensi ya mwezi ujao ndo inayomfanya edita ajibu leo badala ya kesho. Asipojibu wiki mbili kumbusha mara moja, halafu nenda kwa mwengine.

Mashindano na ruzuku, jua ya kupoteza muda na ya kweli. World Press Photo haitozi kitu kuingia, hufunga Januari, na tangu walipogawa dunia kwa kanda Afrika inashindaniwa peke yake, kuna hata kitengo cha miradi ya muda mrefu ambacho kiko kama kilishonwa kwa ajili yetu. Uganda Press Photo Award nayo iliwahi kuwafungulia mlango wa Afrika Mashariki. Magnum Foundation na National Geographic Society hutoa pesa za mradi, wanataka pendekezo, bajeti na picha ulizokwishapiga, kwa hivyo usingoje pesa ndo uanze. Wasichana, ingieni Women Photograph, orodha ya wapiga picha wanawake wa dunia, maedita wanatafuta majina humo. Mpiga picha Sarah Waiswa alizaliwa Uganda akafanyia kazi Kenya, mwaka 2016 akachukua tuzo ya ugunduzi kule Arles, Ufaransa, kwa mradi alioufanya hapahapa Kenya, Kibera Nairobi. Bajeti ukiandika weka nauli, weka chai ya watu, weka kuchapisha picha za kuwapa wenyewe. Mara ya kwanza niliona haya kuandika chai, nikakataliwa, mara ya pili nikaiandika na sababu yake, nikapata. Shindano linalotaka dola 40 kwa kila picha liache.

Maonyesho usingoje ukumbi. Mimi mara ya kwanza nilichapisha kubwa 12, nikaomba ukuta kwa wazee wa mtaa, nikazifunga kwa kamba juu ya baraza pale mkokoteni unapopita, Ijumaa baada ya Asr. Watoto walikuja, wanaocheza bao wakaacha bao, kina mama wakasimama upande ule wanatajana majina. Mzee akafika na mkokoteni wake, akaegesha, akatembea toka ya kwanza mpaka ya mwisho mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Nilikuwa natetemeka. Akarudi mpaka ya tano akaigusa kwa kidole.

"Hii itoe."

Nikamuuliza kwa nini mzee, hii ndo nzuri.

"Gurudumu halina upepo. Watu wataniona sijali kazi yangu. Njoo Jumatatu ntakuwa nishatia upepo, unipige tena."

Nikaitoa, ukuta ukabaki na pengo mpaka jioni. Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa pale mferejini, gurudumu limejaa, halilii tena.